Mgeni Rasmi Kaja, Mtoto Apone

Likizo iliyopita nilipanda Ugweno kumsalimia bibi, nikakuta kijiji kizima kimehamia zahanati. Maturubai yamefungwa, spika zinanguruma hadi nadhani wavuvi wa Ziwa Jipe kule bondeni walisikia. Mgeni rasmi alikuwa mheshimiwa mmoja. Jina lake na cheo chake naviacha hukohuko mlimani.

Alitarajiwa saa nne, akafika saa nane. Siku hiyo ilikuwa ya kliniki, lakini mzani wa watoto uliondolewa barazani ili kupisha meza kuu. Akina mama wakangoja na watoto mgongoni. Ikasomwa risala, kwaya ikaimba, kisha ikaletwa hundi ya kadibodi, pana kama mlango, imebebwa na watu wawili. Mheshimiwa akampakata mtoto wa jirani, akatabasamu kwa kamera. Mtoto akaangua kilio. Ndipo akatangaza zawadi yake: "Watoto wote walio chini ya miaka 5 watatibiwa bure!"

Vigelegele. Bibi akaninong'oneza: "Si bure ileile aliyotuletea mwenzake?"

Ndiyo hiyohiyo. Msamaha huo wa malipo ni sera ya taifa tangu miaka ya 1990. Taabu ni kwamba mtoto anatibiwa bure, kisha mama anaandikiwa dawa akanunue dukani.

Nisikudanganye: huku London ninakoishi nako wanasiasa huifuata kamera hadi wodi ya watoto. Septemba 2019 Boris Johnson, akiwa Waziri Mkuu, alitembelea hospitali ya Whipps Cross, mashariki ya jiji. Baba aliyekuwa na mtoto wa siku 7 wodini akamkabili: wahudumu hawatoshi, na wewe umekuja kupigwa picha. Johnson akajibu kwamba hapakuwa na waandishi wa habari pale. Yule baba akamwonyesha kamera zilizokuwa zikimrekodi wakati huohuo! Baadaye ikasemwa kwamba baba yule alikuwa mwanaharakati wa chama kilichokuwa cha upinzani. Ni kweli, lakini mtoto alikuwa wake, na swali lilikuwa limekwisha kuulizwa.

Kwetu nani angeuliza? Mgeni hahojiwi, huchinjiwa mbuzi. Ujanja wote uko hapo: kiongozi akija kama mgeni, sisi tunageuka wenyeji, na mwenyeji hamdai mgeni risiti. Hata Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, ni fedha ya umma, lakini mara ngapi tumetangaziwa mfuko huo kana kwamba umetoka mfukoni mwa mtu?

Na zahanati yenyewe ni ya nani? Ilijengwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Kila kaya ilitoa mtu, mawe na mchanga vikapandishwa kichwani, bibi akiwemo. Mwenye mali ni yeye, na mahali pa kuulizia mali yake pako tayari: mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila miezi 3 unatakiwa kusomewa mapato na matumizi. Mheshimiwa aje huko, akae benchi moja na sisi, atueleze ile kadibodi iligeuka chupa ngapi za dawa.

Jioni nilimweleza bibi hayo yote. Akatikisa kichwa.

"Kwenye msaragambo, aliyechelewa alitozwa faini," akasema. "Yule alichelewa saa nne. Tukampa mbuzi."