Usiiache Mbegani Nusu Njia

Mbugani, Kyela

Mjukuu wangu,

Huku mpunga umeshaingia ndani na mguu wa bibi yako unaendelea vizuri. Nimesikia, tena si kutoka kwako, kwamba unataka kuacha stashahada ya uvuvi huko chuoni Mbegani ukafuate watu wanaopanda nyasi bahari, kwa kuwa wamekuahidi cheti cha wiki chache na posho ya kila siku. Kama ni uzushi, choma barua hii. Kama ni kweli, isome hadi mwisho kabla hujatia saini popote.

Kazi yenyewe siipingi. Nyasi bahari ni mmea wenye maua na mizizi, shina lake hutambaa chini ya mchanga likishika tope lisipeperuke, na humo ndimo samaki wachanga hujificha na kasa hula. Anayezirudisha zilikotoweka anafanya jambo la maana. Ninachopinga ni dhana kwamba kurudisha maana yake ni kupanda. Kupanda huja mwishoni, tena kwa muda mfupi. Mwenye taaluma huanza kwa kuuliza ni nini kilichoua nyasi pale, na kama muuaji huyo ameshaondoka. Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya majaribio zaidi ya 1,700 ya kupanda nyasi bahari duniani, wakakadiria kwamba yaliyosalimika ni kama asilimia 37. Walisisitiza kwamba tishio liondolewe kwanza, kabla ya mche wowote kuingia majini. Wiki chache zinatosha kukufundisha kushika mche. Hazitoshi kukufundisha kumtambua muuaji.

Mfano hauko mbali. Maji ya ziwa letu, Nyasa, hutoka kusini kwa mto Shire na kuingia ziwa dogo la Malombe, huko Malawi. Malombe lina kina kifupi, na zamani sehemu kubwa ya sakafu yake ilikuwa na majani ya majini ambamo samaki waitwao chambo walikulia. Dume la chambo huchimba kiota mchangani kama bakuli, jike hutaga humo kisha hubeba mayai mdomoni. Vifaranga wakiachiwa, hutafuta maji mafupi yenye maficho. Miaka ya 1980 nyavu za matundu madogo ziitwazo nkacha zilienea, zikikokotwa chini na kufungwa na mzamiaji. Majani yaling'oka, viota vikafukiwa, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 uvuvi wa chambo ulikuwa umeporomoka. Wavuvi wakahamia samaki wadogo waitwao kambuzi, nao wakapungua. Mwaka 1993 serikali ilianza kuunda kamati za vijiji vya ufukweni ili wavuvi washiriki kulinda ziwa, lakini chambo hawakurudi kama zamani. Sasa fikiri mtu angefika Malombe wakati ule na miche elfu kumi na cheti chake. Ingekuwa kupandikiza mpunga kwenye jaruba ambalo ng'ombe bado wanapita. Lililohitajika kwanza ni mtu wa kupima sakafu, kuonyesha wavu unafanya nini, na kukaa na wavuvi mpaka wakubaliane. Hilo halifundishwi kwa posho.

Utasema utajifunza kazini. Mikono itajifunza, sikatai. Ila anayelipa kwa idadi ya miche iliyoingia majini hana haja ya kukulipa urudi baada ya mwaka uweke fremu ya mraba ya sentimita 50 kwa 50 mchangani na kuhesabu iliyobaki hai. Kurudi huko ndiko kunakomtofautisha mtaalamu na kibarua. Utasema pia kwamba Virginia, Marekani, walipanda na wakafaulu. Kweli, walitawanya mbegu zaidi ya milioni 70 kwa miaka kama 20, na nyasi zikaenea hadi takriban hekta 3,600. Lakini nyasi zile zilikufa miaka ya 1930 kwa ugonjwa na kimbunga cha 1933. Muuaji alikwisha kupita, maji yalikuwa safi, na kilichokosekana ni mbegu tu. Walijua hivyo kwa kupima kwanza, kwa hiyo mfano huo uko upande wangu.

Au utasema ziwa letu halina nyasi bahari, basi elimu hiyo ya nini nyumbani? Kina cha Nyasa hufika mita 700 hivi, lakini chini ya mita 250 hakuna oksijeni. Samaki wote wanaishi juu ya hapo, na wengi huanza maisha kwenye maji mafupi. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufirio inateremsha udongo wa Rungwe hadi humo, na samaki aitwaye mbasa hupanda mito hiyo kuzaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imetenga mita 60 za hifadhi kutoka ukingo wa maji, ila tembea Mwaya uone mashamba yanapoishia. Atakayepanda matete pale bila kuzungumza na wenye mashamba atakuwa ameyazika. Taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, ina kituo hapa Kyela, na kijana anayejua kupima mwanga, tope na mbegu atapata la kufanya, awe amesomea maji ya chumvi au maji matamu.

Mengine ni machache. Usikope kwa watu wa riba. Jifunze kuzamia sawasawa. Usimdharau mvuvi wa kokoro, ana watoto kama wengine. Na ukumbuke, wapo wa ukoo huu waliosema mtoto wa kike hapelekwi pwani kusomea samaki. Niliwajibu mimi, mbele ya watu, na wangali wanangoja kusikia umerudi bila cheti cha maana.

Ukimaliza stashahada ukawafuata watu hao, sitakuzuia. Utakwenda ukiwa na uwezo wa kuwauliza muuaji ni nani, na wao watalazimika kukujibu. Kama ada ndiyo inayokusumbua, sema wazi, kakao ipo. Nijibu kabla muhula haujafunguliwa, kwa mkono wako, si kwa kumtuma mdogo wako anipigie simu.

Babu yako