Nauli ya Kurudi

Mtaa wa Namuwongo umelala chini ya mlima wa Muyenga, kando ya reli na viwanda vya Kampala. Karibu nao hupita mfereji wa Nakivubo, uchukuao maji ya jiji pamoja na taka zake, kuyapeleka kwenye kinamasi na hatimaye katika Ziwa Viktoria. Watoto wengi wa mtaa huo huujua mfereji kabla ya kulijua ziwa.

Kwa askari, sikukuu ni siku ya kazi. Wengine wanapoketi kula na jamaa zao, yeye husimama njiani akilinda amani yao. Konstebo mmoja wa polisi, mkazi wa Namuwongo na baba wa watoto watatu, aliwaahidi wanawe mara mbili kuwapeleka Entebbe kutazama wanyama, na mara mbili akaitwa kazini. Alipopata likizo mwezi wa Mei, shule zikiwa zimefungwa, watoto hawakumwuliza tena. Ukimya ule ulimchoma kuliko manung'uniko.

Mahali walipopatamani ni kituo cha wanyama kilichoko ufukweni mwa ziwa. Kilianzishwa mwaka 1952 kuwa makao ya wanyama yatima, na mwaka 1994 kikafanywa kituo cha elimu ya wanyamapori. Kutoka Kampala ni mwendo wa kilomita zipatazo 40. Si mbali kwa mwenye gari. Kwa familia ya watu watano wapandao teksi, hapana budi kuhesabu kila shilingi.

Usiku ule mama alizigawa fedha mafungu matatu: nauli ya kwenda, kiingilio, na nauli ya kurudi. Fungu la tatu alilifunga pindoni mwa leso yake. "Baba watoto," akasema, "hili halina mwenyewe mpaka jioni." Akachemsha mayai, akafunga mkate na chupa za maji, maana chakula kinunuliwacho matembezini ndicho kilacho mfuko wa mzazi.

Mwenye gari atokaye Namuwongo aweza kufuata barabara ya Ggaba hadi Munyonyo, akaingia barabara kuu mpya iliyofunguliwa mwaka 2018, ambayo tangu Januari 2022 hulipiwa ushuru. Familia hii iliondoka alfajiri kwa miguu mpaka mjini, kitinda mimba akiwa mgongoni mwa baba. Katika kituo cha teksi hawakukimbilia gari la kwanza. Baba alimwuliza kondakta nauli kabla ya kupanda, na kama mtoto apakatwaye hulipiwa. Wakapita Katwe, Kibuye, Najjanankumbi, Kajjansi na Kisubi, wakateremka Entebbe jua likiwa bado changa.

Kwa kuwa walifika mapema, watoto walipata nafasi ya kutazama bila kusukumana. Waliwaona sokwe katika kisiwa chao kilichozungukwa na maji, wakamwona na simba amelala kivulini kama mzee aliyeshiba. Waliyesimama kwake kwa muda mrefu ni korongo nyangumi, ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mfano wa kiatu, ambaye aweza kusimama kimya muda mrefu akivizia samaki. "Huyu naye yuko lindoni kama baba," alisema binti mkubwa, na wote wakacheka. Tumbili, ambao hutembea huru mahali hapo, walikuwa wakiuvizia mkate. Mama akaufunika upesi.

Walipofika ufukweni, mtoto wa pili aliyatazama maji kwa muda, kisha akauliza, "Baba, maji ya mfereji wetu hufika huku?" Baba akamweleza kwamba ziwa ni hilo hilo moja, na kwamba maji ya bomba wanayokunywa Kampala nayo huvutwa ziwani, upande wa Ggaba. Mtoto alikuwa ameshika karatasi ya mkate. Akaikunja, akaitia mfukoni. Alipotaka kuingia majini, mama alimkataza kwa sababu ya kichocho.

Hapo akatokea mpiga picha. Watoto wakamzunguka baba, wakimsihi. Konstebo akaitazama leso ya mkewe. Mama akatikisa kichwa. Baba aliona haya, kwani aliyewavunjia watoto ahadi mara mbili hupenda kulipa deni lote kwa siku moja. Hata hivyo alinyamaza, na picha haikupigwa.

Saa kumi na moja mvua ikanyesha. Kituoni abiria walikuwa wengi na magari machache, na nauli ikapandishwa. Mzazi mmoja mwenye watoto wanne alihesabu fedha zake mara tatu, akarudi kusimama chini ya upenu. Mama akalifungua pindo la leso. Fungu lilitosha, na zikabaki shilingi chache za kununua ndizi za kuchoma.

Mwenye kupanga safari ya watoto na aanze na njia ya kurudi, kisha ahesabu mengine. Furaha ya mchana huharibiwa upesi na usiku wa mashaka barabarani.

Ndani ya teksi, karibu na Kajjansi, wawili walikuwa wamelala. Wa pili peke yake alikuwa macho. "Baba," akanong'ona, "tutakuja tena lini?"

Alikuwa hajauliza swali hilo tangu mwaka uliopita.