Majivu Katika Paji la Uso

Kwaresima huja kwetu Embu pamoja na majembe. Mwezi wa Machi mvua ya masika hukaribia, na kila nyumba hutayarisha shamba la mahindi na maharagwe. Katika siku hizo arobaini Kanisa hutuagiza mambo matatu: kusali, kufunga na kutoa sadaka.

Mwaka mmoja nilijinyima nyama na sukari, nikajiona mtu mwema. Lakini kwa miezi minane nilikuwa sisemi na kaka yangu, kwa sababu ya kijia kilichopita katika mibuni aliyotuachia baba.

Jumatano ya Majivu nilipakwa majivu ya matawi ya mwaka uliopita, nikakumbushwa kwamba mimi ni mavumbi. Mlangoni mwa kanisa nilikutana na kaka yangu. Paji lake lilikuwa na alama ile ile. Vumbi likapita vumbi bila salamu!

Usiku ule chai yangu isiyo na sukari ilinishinda. Nilitambua kwamba nilikuwa nimechagua mfungo mwepesi: tumbo lilifunga, na moyo ulishiba kinyongo.

Jumamosi nilichukua jembe, nikaenda shambani kwake, nikashika mstari uliofuata wake. Tulilima kimya hata jua likawa utosini. Ndipo aliponena, "Mwalimu, chakula ki tayari."

Habari ya kijia haijaisha, lakini sasa twaizungumza tukiwa tumeketi pamoja.

Enyi vijana, kabla hamjachagua chakula cha kuacha, tazameni kwanza ni mtu gani mliyemwacha.