Kitako cha Babu

Kwetu Kilwa Kisiwani bunduki ya zamani tunaiita gobore, na kila mtu mzima anajua ni kitu gani: kasiba ndefu, kitako cha mti, mdeki wa kushindilia baruti. Babu yangu alikuwa nalo moja. Alilivusha kwa dau hadi ng'ambo, kwenye shamba lake la mihogo, kulinda mazao yasiliwe na nguruwe pori. "Nguruwe sisi hatumli," alikuwa akisema, "ila yeye anatula." Chumvi ya bahari ikakila chuma taratibu. Alipozeeka akakisalimisha kituoni kile kilichobaki, kasiba na mtambo wake. Kitako akarudi nacho nyumbani. Mti si silaha, walimwambia.

Babu alipofariki, bibi akakitia kazini. Kwa miaka mingi kitako kile kilizuia mlango wa uani usipigwe na upepo wa kusi.

Kisha vijana wetu wakaanza kuandaa igizo la Maji Maji, wakalionyeshe Kilwa Masoko. Baadhi yao walikuwa wameisoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, lakini hili walilitunga wenyewe. Habari yenyewe haiko mbali nasi. Vita vilianzia Nandete, katika vilima vya Umatumbi, Julai 1905, watu walipong'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kulima. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyegawa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo. Wapiganaji walikuwa na mikuki, mishale na magobore. Wajerumani walikuwa na bombomu.

Magobore ya jukwaani yalikuwa mabomba ya plastiki yaliyopakwa masizi, na vitako vya maboksi. Mazoezini watu walicheka. Kijana aliyeigiza mpiganaji mzee alilishika la kwake kama ameshika mwiko. Hapo nikaukumbuka mlango wa uani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Sema unachotaka, salamu hiyo ina mkia."

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo. "Na mlango wangu nitauzuia na nini?"

"Nitakuletea jiwe."

"Magofu yote haya, na wewe unaniahidi jiwe!" Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaweka kiganja kwenye ubavu wa kitako, pale shavu la babu lilipokuwa likilala alipolenga. Mti ulikuwa mweusi na laini, umeiva kwa jasho. "Kichukue. Ila hapa asipitishe mtu msasa."

Fundi wetu ni mtu wa vyombo vya baharini. Kazi yake ni kuunda madau na kuyakarabati. Alikigeuza kitako mkononi, akagonga kwa kidole kutafuta mchwa, akapita na ufa uliofungwa waya zamani. Shida ilikuwa kwenye mfuo, ule mfereji wa kulaza kasiba. Bomba jembamba lilicheza ndani, bomba nene halikuingia. Njia fupi ilikuwa kuupanua mfuo kwa patasi, bomba nene likae. Vijana walitaka hiyo, maana zilibaki siku nne.

"Mti wa mtu haukatwi kwa ajili ya plastiki," fundi akasema. "Hiyo plastiki ndiyo itakayofuata mti."

Akachukua kipande cha mwembe, akakichonga kiwe kama bitana ya kukaa kati ya bomba jembamba na kitako. Ndani ya mfuo akapaka masizi ya kibatari. Akakandamiza kile kipande, akakiinua, akatazama. Palipoingia weusi ndipo palipokuwa pamevimba, akapakwangua. Akakandamiza tena, akainua tena. Nilihesabu mara kumi na moja, kisha nikaacha kuhesabu. Kila safari weusi ulienea zaidi, mpaka mwisho ukatapakaa mgongo mzima wa kile kipande, na kikikaa hakitikisiki. Nyufa ndogo zilizobaki akazijaza pamba iliyolowekwa mafuta ya nazi, kama anavyokalafati mbao za dau. Nikamwambia kwamba hiyo pamba ndiyo iliyoanzisha vita tunavyoviigiza. Hakuinua kichwa. "Basi leo inashika gobore," akasema.

Sikuona gundi wala misumari. Bomba lilibanwa kwa kabari mbili ambazo mtoto angeweza kuzing'oa, na hilo tulilikusudia. Watu wa mwambao huu hatujasahau mwaka 2017, mauaji ya Kibiti na Rufiji, kaskazini yetu, ambako walikufa askari polisi na viongozi wa vijiji. Baada ya hapo, kitu kirefu kilichoviringishwa mkekani ndani ya dau si jambo la mzaha. Kabla ya kuvuka tulimwarifu mtendaji wa kijiji, na tulipofika Masoko tukapita polisi. Bomba lilisafiri na mabomba mengine, limezibwa mdomo kwa kitambaa chekundu. Kitako kilisafiri ndani ya kikapu changu, juu ya nguo.

Njiani kiongozi wa igizo akanijia na wazo. Mshereheshaji awatangazie watu kwamba gobore hili lilipigana Maji Maji.

"Lilipigana na nguruwe," nikamwambia.

"Nani atajua?"

"Bibi."

Akasema kitako ni cha kweli, kwa hiyo uongo ungekuwa mdogo. Mimi niliona kinyume chake. Bomba la plastiki halimdanganyi mtu, kila anayelitazama anajua ni bomba. Kitako cha kweli ndicho kinachoweza kudanganya, maana watu wangekiamini. Wale waliokufa vilimani kwa kuamini maji hawastahili kuongezewa ushahidi wa kutunga, na babu hakuhitaji vita ili awe mtu. Tukavutana mpaka dau likagusa mchanga. Haikutangazwa.

Jioni ile vijana waliyaelekeza mabomba yao huku na huko, hata kwa watoto waliokaa chini mbele. Yule mwenye kitako hakulielekeza la kwake kwa mtu. Alilibeba mdomo ukitazama ardhi, na alipolenga alilenga juu, upande wa minazi. Hakuna aliyecheka. Baadaye nikamuuliza ni nani aliyemfundisha kulishika vile.

"Hakuna," akasema. "Ni kizito tu. Halafu nilipoweka shavu, nikakuta mahali pameshawekwa."

Tukang'oa kabari. Bomba likarudi kwa mwenyewe, akaliunga kwenye tangi lake la maji ya mvua. Nilipomkabidhi bibi kitako, hakuuliza igizo lilikwendaje. Alipitisha kiganja palepale, taratibu, akitafuta mkwaruzo, na hakuupata.