Dadangu anachagua shule ya MBA, na ameniuliza mimi niliyeacha chuo

Wiki mbili zilizopita dadangu alinipigia simu saa nne usiku. "Uko na Excel kwa hiyo laptop yako?" Nikadhani anataka kunisukumia kazi ya ofisi. Kumbe amepata nafasi mbili za kusoma MBA, moja Uingereza na nyingine hapa Nairobi, na alikuwa na hadi Ijumaa alipe pesa ya kushikilia nafasi moja. Alitaka tukae chini tupige hesabu.

Sasa chekeni. Mimi ndiye yule msee wa video ya "digrii ni karatasi tu". Niliacha chuo mwaka wa pili. Kitu sijawahi kusema kwa video ni kwamba huyu dadangu ndiye alilipa karo yangu, mihula minne, kutoka kwa mshahara wake wa kampuni ya maziwa.

Jumapili nikaenda kwake Umoja. Mtoto wake wa miaka minne alikuwa amelala kwa kochi. Nikaanza pale kila mtu huanzia: orodha za shule bora duniani. Ile ya Uingereza iko kwa orodha ya Financial Times. Ya Nairobi haiko. Nikamwambia, si basi kesi imeisha?

Akaniuliza, "Hiyo orodha inapima nini?"

Ikabidi nisome. Kumbe sehemu kubwa ya alama ni mshahara. Wanawauliza waliomaliza miaka mitatu iliyopita wanalipwa ngapi sasa, na mshahara umepanda kiasi gani. Halafu ili shule ihesabiwe, lazima kwanza iwe na ithibati ya AACSB au EQUIS, na shule nyingi za Afrika hazina. Kwa hivyo shule kukosekana kwa orodha si lazima iwe ilipimwa ikaanguka. Pengine haikuingia hata kwa chumba cha mtihani.

"Na mimi si mshahara natafuta," dadangu akasema. Anataka siku moja aache kuajiriwa, akusanye maziwa ya wakulima wadogo Nyandarua, atengeneze lala na yogati yake mwenyewe. Miaka minane amejuana na hao wakulima, madereva, na wenye vituo vya kupoza maziwa. Kile hajui ni kusoma vitabu vya hesabu za kampuni na kuongea na benki bila kutetemeka.

Tukafungua Excel. MBA nyingi za Uingereza ni mwaka mmoja. Harvard ni miaka miwili, INSEAD kule Ufaransa ni miezi 10. Mwaka mmoja unasikika kidogo hadi uandike mistari yote. Karo. Nyumba. Viza. Ada ya afya, pauni 776 kwa mwaka, unayolipa ukiomba viza. Halafu ule mstari ambao watu husahau: mishahara 12 ambayo hutapokea. Tulipoujumlisha huo, dadangu akaenda jikoni kuweka chai.

Kuna mwingine hauingii kwa Excel. Tangu Januari 2024, Uingereza hairuhusu wanafunzi wengi wa uzamili kwenda na familia, na wa MBA wako humo. Alisoma hiyo sentensi mara mbili, akaangalia kochi.

Na ile ndoto ya kubaki kule ufanye kazi urudishe pesa? Viza ya baada ya masomo imekuwa ya miaka miwili, lakini atakayeomba kuanzia Januari 2027 atapata miezi 18. Hesabu yako ikisimama juu ya hiyo viza, jua imesimama juu ya kitu serikali ya watu inaweza kubadilisha.

Msiseme napigia debe Nairobi. Ya hapa ni jioni na wikendi, miaka miwili, na mshahara unaendelea kuingia. Lakini jioni ndiyo wakati mtoto anataka mamake, na foleni ya Outering mnaijua. Pia darasani atakaa na watu wa benki na bima za hapa hapa. Kama angetaka kazi London, ningemwambia apande ndege.

Kilichoniuma ni vile aliamua. Alitafuta watu wanne waliomaliza, wawili kila upande, akawauliza swali moja: Jumatatu ya kwanza baada ya kumaliza, ulienda wapi? Mmoja wa Uingereza alikuwa amerudi kwa dawati lile lile. Mmoja wa Nairobi alikuwa amefungua kiwanda kidogo cha chakula cha mifugo na mwanafunzi mwenzake.

Akafunga laptop. "Na wewe uliacha kwa nini? Niambie ukweli, si ule wa video."

Ukweli ni huu. Wakati wa kujaza kozi kwa tovuti ya KUCCPS nilichagua jina. Jina la chuo lilikuwa tamu, jina la kozi lilikuwa refu, na alama zilitosha. Sikuuliza mtu hata mmoja aliyemaliza huenda wapi Jumatatu. Nilipofika ndani nikajikuta sijui nafanya nini pale, nikatoka, halafu nikatengeneza video ya kuwaambia nyinyi kwamba kosa ni la karatasi.

Hakukasirika. Alisema tu, "Ungeniuliza."

Alhamisi alilipia nafasi ya Nairobi. Ile video sijaifuta, bado inaniletea watu, na kuna wengine kweli chuo hakiwafai. Lakini kama uliacha ama unataka kuacha kwa sababu yangu, kwanza tafuta mtu aliyemaliza umuulize kuhusu Jumatatu yake.

Mimi nimefungua Excel yangu. Bado sijui nitarudi chuo ama la. Mstari wa kwanza nimeandika karo ya mihula minne, na mbele yake jina la dadangu.