Siku Chache Macau

Mgeni anayeingia Macau kwa miguu kutoka upande wa China hupokewa kwanza na mabasi ya bure. Yamejipanga safu nje ya mpaka, kila moja na rangi za kasino yake, na mabinti waliovaa sare wanakuelekeza pa kupandia. Huulizwi nauli, wala huulizwi umepanga hoteli gani. Unakaa kwenye kiyoyozi, na muda si mrefu unashushwa mlangoni pa kasino. Mimi na mke wangu tulikuwa tumefika Guangzhou kumtembelea shemeji, kaka yake mke wangu, anayefanya biashara ya vipuri huko. Tulipata nafasi ya siku chache, tukapanda treni hadi Zhuhai, tukavuka mpaka.

Macau ni mji mdogo. Eneo lake lote ni kilomita za mraba 33 na ushei, na humo wamebanana watu karibu laki saba. Ardhi yenyewe nyingi ni ya kujaza kifusi: Cotai, mahali zilipo kasino kubwa kuliko zote, palikuwa bahari kati ya visiwa viwili, Taipa na Coloane. Wareno walikita kambi hapa mwaka 1557 na hawakuondoka hadi tarehe 20 Desemba 1999, walipoukabidhi mji kwa China.

Basi lilitushusha Venetian, jengo lililofunguliwa 2007. Ndani yake kuna mifereji ya maji, na mitumbwi ya Kiitalia inapita chini ya dari lililochorwa mbingu yenye mawingu. Mke wangu alisimama akalitazama dari lile kwa muda mrefu, na kweli limefanywa kwa ustadi. Lakini tulipoingia ukumbi wa kamari tulisahau mifereji. Nilitazamia kelele, vicheko, glasi za pombe. Nikakuta watu wengi kuliko nilivyowahi kuona chini ya paa moja, wameinamia meza kama walio kazini. Wahudumu walipita na vigari vya chai ya maziwa na maji ya kunywa.

Mchezo wao ni bakarati. Karata mbili upande wa mchezaji, mbili upande wa benki, pengine ya tatu ikiongezwa, na upande uliokaribia tisa ndio mshindi. Hauhitaji akili nyingi wala ufundi, na watu wanaupenda kupita michezo mingine yote. Tulisimama nyuma ya mzee mmoja wa makamo ya baba yangu mzazi. Alipewa karata imelala kifudifudi. Hakuifunua. Aliibana kwa vidole gumba, akaanza kuikunja ukingoni kidogo kidogo, akichungulia alama za pembeni zikijitokeza moja baada ya nyingine. Aliyekaa kando yake akaipulizia pumzi, kana kwamba alama mbaya ingeweza kupeperuka. Kisha mzee akaitupa mezani, imekunjamana, haifai tena kuchezewa. Binti aliyechezesha karata alikusanya vibao vya dau bila kubadilisha uso. Juu ya meza kioo kikaongeza duara moja ya buluu kwenye safu ya duara nyekundu na buluu, na watu wote wakainua macho kuisoma, wakitafuta ndani yake mpango ambao haumo.

"Baba Neema," mke wangu alininong'oneza, "hapa hakuna anayefurahi."

Sikuwa na la kumjibu. Dau la chini kwenye meza ile lilikuwa mamia ya dola za Hong Kong, na mzee aliweka tena.

Kamari ya Macau si jambo la jana. Wareno waliihalalisha tangu karne ya 19. Mwaka 1962 biashara yote iliwekwa mikononi mwa kampuni moja, ya Stanley Ho na wenzake, ambao walijenga Kasino Lisboa iliyofunguliwa 1970. Ukiritimba huo ulifunguliwa 2002, makampuni ya Marekani yakaingia, na kufikia 2006 mapato ya kamari ya Macau yalikuwa yameipita mitaa ya kasino ya Las Vegas. Serikali inaishi kwa kodi ya kamari. Tangu 2008 imekuwa ikiwagawia wakazi wake fedha taslimu, kiasi ambacho kimefika pataca 10,000 kwa mkazi wa kudumu, na kazi ya kuchezesha karata imetengewa wenyeji peke yao. Lakini watumishi wa serikali hiyohiyo wamepigwa marufuku kucheza kasinoni, isipokuwa siku tatu za mwanzo wa Mwaka Mpya wa Kichina. Sheria hiyo ilinieleza mengi. Wanaoijua kamari kuliko watu wote wamewazuia watu wao.

Jioni tulihama Cotai, tukaenda rasi ya kaskazini palipo mahali petu pa kulala, nyumba ndogo ya wageni kwenye vichochoro vya karibu na Rua da Felicidade. Njiani tulipita ubavuni mwa Lisboa. Mitaa inayoizunguka imejaa maduka ya rehani, na madirisha yao yanawaka usiku kucha: saa za mkononi za thamani kubwa zimepangwa kwa mamia, mikufu ya dhahabu, pete za ndoa. Nilisimama mbele ya dirisha moja nikaziangalia pete zile. Niliwafikiria vijana wa kwetu wanaoweka dau kwenye simu zao, waliouza pikipiki na kumaliza ada ya chuo kwa mkeka wa mechi za Ulaya. Hawapiti kwenye mlango wenye taa wala hawapewi chai ya maziwa. Kasino yao iko mfukoni, na hasara yao haionekani dirishani. Jambo hili linanikera kila nikilikumbuka, na ningependa viongozi wetu walitazame kwa uzito huohuo ambao Macau inawatazamia watumishi wake.

Kuanzia kesho yake tulitembea kwa miguu, na hapo ndipo Macau ikaanza kutupa mambo yake.

Majina ya mitaa yameandikwa juu ya vigae vyeupe kwa wino wa buluu, Kichina na Kireno pamoja. Uwanja wa Senado umetandikwa vijiwe vyeusi na vyeupe vilivyopangwa kwa mchoro wa mawimbi, na unapoupita asubuhi, kabla makundi ya watalii hayajafika, unawakuta wazee na magazeti yao na harufu ya ubani kutoka hekalu la kichochoroni. Kutoka hapo njia inapanda hadi kanisa la Mtakatifu Paulo, au tuseme ukuta wake wa mbele, maana kanisa lenyewe liliteketea kwa moto mwaka 1835. Ukuta umesimama peke yake juu ya ngazi pana za mawe. Wakristo wa Kijapani waliokimbia mateso kwao walishiriki kuuchonga katika karne ya 17, na ukiutazama vizuri unaona simba wa Kichina, merikebu ya Kireno na Bikira Maria akikanyaga joka lenye vichwa saba, pamoja na maandishi ya Kichina yanayoeleza habari hiyo. Nyuma yake ni uwazi mtupu, na mbingu inaonekana madirishani.

Kando yake, juu ya kilima, iko ngome ya Monte. Mtu aliyekulia Mombasa hahitaji kuelezwa ngome ya Kireno. Kuta zilezile nene zinazoinamia ndani, mizinga ileile iliyoelekezwa majini. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593. Monte ilijengwa kati ya 1617 na 1626. Ni ufalme mmoja, njia moja ya bahari, Lisbon hadi Msumbiji na Mombasa, hadi Goa, hadi Malaka, hadi hapa. Nilipitisha kiganja juu ya mzinga mmoja, chuma kimepata joto la jua, mbele yake ghorofa la Grand Lisboa limechanua kama ua la dhahabu.

Mwezi Juni 1622 Waholanzi walikuja kuuteka mji huu na meli 13. Ngome ilikuwa haijaisha kujengwa, na wanaume wengi wa mji walikuwa safarini Guangzhou kwa biashara. Tarehe 24 Waholanzi waliteremsha askari kama 800 ufukoni. Kombora kutoka Monte likaangukia pipa lao la baruti, likawalipua katikati ya safu zao, na waliobaki wakajaribu kupanda kilima cha Guia. Vitabu vya watalii husimulia sana habari ya kombora lile na makasisi Wajesuti waliolifyatua. Lakini waliowashukia Waholanzi kilimani na kuwarudisha mbio hadi baharini, pamoja na Wareno wachache, walikuwa Waafrika, watumwa wa mji, walioletwa kutoka pwani za Msumbiji na kwingineko kupitia Goa. Masimulizi ya wakati ule yanamtaja hata mwanamke mmoja Mwafrika aliyepigana kwa mkuki wenye shoka. Jan Pieterszoon Coen, gavana mkuu wa Waholanzi huko Asia, aliandika kwa uchungu kwamba ni watumwa wa Wareno waliowashinda watu wake. Wengine kati ya watumwa hao walipewa uhuru palepale vitani.

Mimi ni mzaliwa wa Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mtaa ulioanzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watu walionasuliwa kutoka majahazi ya watumwa. Kengele yao ingali imesimama pale Kengeleni, magari yanaizunguka. Wazee wetu walitoka bara, kusini, Uyao na Unyasa, na wengi hawakuweza kusema kijiji walichotekwa ni kipi. Kwa hiyo niliposimama juu ya Monte sikuwa nasoma habari za watu wa mbali. Wale waliofikishwa Macau na wale waliozaa ukoo wetu huenda walinyweshwa maji ya mto mmoja. Nilimweleza mke wangu, naye akavua miwani ya jua, akaniambia, "Basi na tupande huko Guia, tuone walipopigana."

Tukapanda. Kilima cha Guia kina kigari cha waya, safari yake fupi sana, lakini tulipita njia ya miguu chini ya miti, tukipishana na wenyeji waliokuwa wakifanya mazoezi. Juu kuna kanisa dogo jeupe na mnara wa taa uliowashwa 1865, wa kwanza wa namna yake katika pwani ya China. Ufuko walikoteremkia Waholanzi umekwisha kujazwa, umekuwa mji. Chini ya kilima iko bustani ya Vitória, yenye nguzo ya ukumbusho wa ushindi ule, na hatua chache kutoka hapo kuna bustani nyingine yenye sanamu ya Vasco da Gama, ambaye sisi tuna nguzo yake Malindi. Tulikaa kwenye benchi la Vitória tukala machungwa.

Chakula cha mchana siku hiyo tuliagiza kile wanachokiita kuku wa Kiafrika, kuku wa kuchoma aliyefunikwa mchuzi mzito wa nazi, karanga na pilipili, na mke wangu akatamka kuwa angepata mnunuzi Mombasa. Vipai vya mayai vya Coloane ni vitamu kweli. Mvitafute vikiwa moto.

Tuliporudi Guangzhou shemeji alitupokea kituoni. Amekwenda Macau mara nyingi kuwapeleka wateja, na swali lake la kwanza lilikuwa: "Haya shemeji, mlishinda ngapi?" Nikamwambia hatukuweka dau hata moja. Mezani nikamsimulia habari za 1622, za Coen na yule mama wa mkuki, mpaka wali ukapoa. Alinyamaza, kisha akauliza ngome iko upande gani, kwa sababu mwezi ujao alikuwa na wateja kutoka Lubumbashi. Nikachukua karatasi ya risiti nikamchorea: toka uwanja wa Senado, panda hadi ukuta wa Mtakatifu Paulo, ukiutazama uso shika njia ya mkono wa kulia, na uendelee kupanda.