Harufu ya Petroli Quiterajo

Kwa waendao Quiterajo, lami iliishia Macomia. Kutoka Pemba ya Msumbiji hadi hapo tulikuwa tumekwenda vizuri, mabati na mifuko ya saruji ikiwa imefungwa nyuma ya pikapu, shemeji akiendesha na mimi nikitazama nchi ambayo nilikuwa sijapata kuiona. Baada ya Macomia njia hugeukia mashariki kwenda Mucojo, na ilikuwa vumbi tupu. Mucojo unapinda kaskazini, unaingia mchanga, minazi na misitu mikavu. Mmoja wa misitu hiyo, Namacubi, ulipitiwa na wataalamu wa mimea mwaka 2008 na 2009. Laiti ningepewa muda wa kushuka na kutembea ndani yake.

Ilikuwa 2016, kabla ya vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 na kuja kuwafukuza watu katika pwani hii yote. Shemeji ni Mmwani wa Quiterajo, aliyemwoa dada yangu Mtwara. Mimi ni fundi wa magari, na safari hii alinialika nikawaone wazee wake.

Pale Macomia alijaza tangi. Huko mbele petroli ilikuwa ya madumu, kwa hiyo aliomba ijazwe mpaka ionekane shingoni. Tulipotaka kuondoka, gari likagoma. Alikanyaga mafuta mpaka chini, akapiga stata kwa muda mrefu, likawaka kwa kukohoa na moshi mweusi.

"Huwa hivi kila nikijaza," akasema. "Nimeshabadilisha pampu ya mafuta."

Nilinyamaza, maana gari linalogoma baada ya kujaza tu, na siku nyingine linawaka vizuri, haliugui pampu. Mucojo nikamwomba afungue mfuniko wa tangi. Hewa ikavutwa ndani kwa mlio mrefu.

Tuliingia Quiterajo jua likizama. Nilimpa mama yake shikamoo kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kimwani, na tukaelewana bila mkalimani. Tulikula wali wa nazi na samaki uani, gari likiwa limeegeshwa hatua chache kutoka jikoni. Mama akaacha kula.

"Baba, gari lenu linanuka," akamwambia mwanawe. "Na moto wangu uko hapa hapa."

Usiku ule ule tulilisukuma mpaka chini ya mkorosho, mbali na nyumba. Nilizunguka nikinusa: nyuma kwenye tangi hakuna kitu, harufu yote ilitoka mbele, chini ya boneti. Hapo nikajua pa kuanzia asubuhi.

Petroli hutoa mvuke hata gari likiwa limezimwa, na kwenye joto la pwani hutoa mwingi. Zamani mvuke huo uliachwa uende hewani. Los Angeles, ambako mvuke wa petroli na jua kali vilishirikiana kuleta ukungu wa kuwasha macho, ndiko kulikofanya California ilazimishe magari mapya ya 1970 kuuhifadhi, na Marekani nzima ikafuata 1971. Mvuke huenda kwenye kopo lenye makaa maalumu yanayounasa. Injini ikipata moto, vali ndogo hufunguka na kuuvuta uchomwe pamoja na mafuta, huku mpira mwingine wa kopo ukiingiza hewa safi. Magari mengi ya soko la Marekani tangu 1996 hujipima yenyewe, na hata tundu la milimita moja huwasha taa ya injini. Mashine ya kusomea makosa itakupa P0442 kwa uvujaji mdogo, P0455 kwa mkubwa. Pikapu ya shemeji haikuwa na akili hiyo. Ilikuwa na kopo, vali na mipira tu, kwa hiyo kazi ilibaki kwa mikono na pua.

Asubuhi, injini ikiwa baridi, niliiwasha, nikachomoa mpira unaotoka kwenye kopo na kuziba mdomo wa vali kwa kidole. Kidole kikavutwa. Injini ya baridi haitakiwi kuvuta chochote hapo. Nikazima, nikaichomoa vali yenyewe, nikaifuta vizuri na kuipuliza: pumzi ikapita moja kwa moja bila umeme wowote. (Puliza tu, usivute kamwe, mvuke ule ni sumu.) Nilipoigonga kiganjani zikamwagika punje nyeusi. Ni makaa ya kopo. Tangi likijazwa kupita kiasi, petroli yenyewe hufika kwenye kopo, makaa yakaharibika na punje zake zikaikwamisha vali.

Mpira wa hewa safi niliupuliza pia, nao haukupitisha kitu. Nyigu walikuwa wamejenga ndani kwa udongo, na vumbi likamalizia.

Sasa kila dalili ilikuwa na sababu. Safarini injini ilinyonya tangi lisilopata hewa, ndiyo maana mfuniko ulilia. Wakati wa kujaza, mvuke ulisukumwa mpaka kwenye injini na kuilewesha. Usiku, ukipitia vali ile ile, ulitoka mbele ukielekea jikoni kwa mama.

Kijana mmoja jirani alishauri tukate kopo tulitupe. Mafundi wengi hufanya hivyo, hata Mtwara, na mimi napinga kwa nguvu zote. Kopo likitoka, mvuke wote unabaki uani, penye kuni zinazowaka na watoto wanaolala mlangoni. Kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya hewa ya Los Angeles kina kazi kubwa zaidi Quiterajo.

Nilizibua mpira kwa waya, nikafunika mdomo wake kwa kitambaa chepesi cha kuzuia nyigu. Vali haikukubali kufunga hata baada ya kuoshwa, basi nikaziba njia ya kwenda injini kwa boliti na klampu, ya muda tu, kopo likiendelea kupumua kupitia makaa yaliyobaki.

Tuliporudi, Macomia shemeji aliacha pampu ya kituo ijikate yenyewe, hakuongeza. Likawaka mara moja. Pemba tulipata vali mpya siku hiyo hiyo. Kopo lilibidi liagizwe, na alilipia kabla hata ya kushusha mizigo.